NGUVU ZA MWILI NI MALI YA MFANYAKAZI

Wako watu katika nchi yetu wanaodhani kwamba mazoezi ya mwili ni anasa ya watu wa mjini, wenye fedha za kulipia nyumba za mazoezi na wenye saa za kuchezea. Habari hiyo ikitajwa huko Tukuyu wengi hucheka. Husema: "Sisi watu wa Rungwe twapanda na kushuka vilima tangu kuzaliwa kwetu. Twalima, twachuma chai, twabeba ndizi na viazi. Mazoezi gani tena tunayoyataka?" Neno hili lina haki ndani yake, wala hatupendi kulibeza. Lakini ni nusu ya kweli, na nusu ya kweli ikiaminiwa kuwa ni kweli nzima huleta hasara. Leo twapenda kuzungumza juu ya nusu ile iliyosalia.

Kwanza yafaa tuelewane juu ya jambo lenyewe. Mazoezi tunayoyasema hapa si yale ya kutunisha kifua mbele ya kioo. Ni mazoezi ya kumwezesha mtu kufanya kazi zake za kila siku bila kuumia na bila kuchoka upesi: kunyanyua ndoo, kuinuka kitini, kupanda ngazi, kumbeba mtoto, kushika jembe tangu asubuhi hadi adhuhuri, kupita penye utelezi bila kuanguka. Mfanyakazi hana shamba la akiba wala fedha nyingi za benki. Mali yake ya kwanza ni mikono yake, mgongo wake na miguu yake. Mwenye gari hulipeleka gereji kabla halijakatika njiani. Kwa nini basi sisi tuuache mwili bila matengenezo mpaka ushindwe kabisa?

Tuitazame Rungwe kama ilivyo. Wilaya ile imejengwa juu ya miteremko ya milima ya volkeno, na Mlima Rungwe wenyewe unakaribia mita 3,000. Mvua zake ni miongoni mwa zile nyingi kuliko zote katika Tanzania, na ardhi yake haijui kupumzika. Ndiyo maana watu wa huko hulima ndizi, viazi, mahindi, maharage, kahawa, chai na maparachichi, tena hufuga ng'ombe wa maziwa ambao hukatiwa majani na kuletewa zizini. Kila zao katika hayo lazima libebwe. Kutoka shambani hadi barabarani njia ni nyembamba, inapanda na kushuka, na mvua ikinyesha inateleza kama sabuni. Mtu asiyekuwa na nguvu za miguu hawezi kuishi maisha yale.

Lakini Rungwe ya leo si ile ya zamani, wakati Wajerumani walipoujenga mji wa Tukuyu na kuuita Neu Langenburg. Lami inatoka Uyole inapita Kiwira na Tukuyu hadi Kyela. Pikipiki zimefika vijijini. Mtu aliyekuwa akitembea mwendo wa saa nzima kwenda sokoni sasa huketi nyuma ya bodaboda na kufika kwa dakika chache. Mashine za kusaga zimewapumzisha akina mama na vinu. Zimezaliwa kazi za ofisini, za dukani, za darasani, na za kukaa juu ya pikipiki mchana kutwa. Hatusemi kwamba maendeleo hayo ni mabaya, la hasha! Tuliyataka, na bado tunayataka zaidi. Tunachosema ni kwamba yamewagawa watu wa wilaya moja katika makundi mawili. Liko kundi linalobeba kupita kiasi, na liko kundi lisilobeba kitu. Makundi yote mawili yanaumia, kila moja kwa namna yake.

Tuanze na hao wanaoketi. Mwaka 1953 daktari mmoja wa Uingereza, Jerry Morris, pamoja na wenzake, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya mjini London. Katika kila basi walikuwamo watu wawili, dereva na kondakta. Walifanya kazi katika gari lile lile na kwa saa zile zile. Tofauti yao ilikuwa kwamba dereva aliketi siku nzima, na kondakta alipanda na kushuka ngazi za basi akikusanya nauli, mara nyingi kwa siku. Ikaonekana kwamba makondakta walipata maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva, na waliopatwa, hawakufa kwa wingi kama wale. Uchunguzi huu ulifanywa juu ya wafanyakazi wa kawaida, si mabingwa wa michezo, na mpaka leo wataalamu wanautaja kuwa mwanzo wa elimu hii. Karani wa Tukuyu, mwalimu, mshona nguo, mwendesha bodaboda, na hata sisi tunaoandika haya, tuko upande wa dereva yule.

Wala tusidhani kwamba maradhi hayo ni ya Ulaya peke yake. Uchunguzi uliofanywa hapa Tanzania mwaka 2012 ulionyesha kwamba takriban robo ya watu wazima waliopimwa walikuwa na shinikizo kubwa la damu. Watu hao si wazungu wala si matajiri. Ni jirani zetu. Kwa sababu hiyo, Desemba 2016, Ndugu Samia Suluhu Hassan, alipokuwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kupambana na magonjwa yasiyoambukiza na kuagiza kwamba Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Agizo lile lilikuwa jema. Lakini yatupasa tujiulize wenyewe bila kuoneana haya: tawi letu, ofisi yetu, kiwanda chetu, kiliikumbuka Jumamosi hiyo mara ngapi mwaka uliopita? Je, tulikwenda kwa sababu kiongozi alikuwapo na picha zilikuwa zikipigwa, au kwa sababu tulijua faida yake? Kila mmoja na ajibu moyoni mwake.

Sasa tuje kwa hao wanaobeba. Hapa ndipo penye uchungu, na hapa ndipo tunapotaka wasomaji wetu wasimame kidogo wafikiri. Mwaka 1986 wataalamu waliochunguza akina mama wa Kijaluo na Kikuyu wa nchi jirani ya Kenya walieleza jambo la ajabu. Waliona kwamba akina mama wale waliweza kubeba mzigo wa kiasi cha sehemu moja kwa tano ya uzito wa miili yao bila kuongeza pumzi wala nguvu wanazotumia kwa kutembea mikono mitupu. Askari wa ughaibuni waliobeba mizigo mgongoni walishindwa kabisa kufanya hivyo; kila kilo waliyoongezewa iliwagharimu. Mwendo wa mama yule wa Kiafrika, na shingo iliyonyooka, na kata kichwani, ni ustadi mkubwa uliojengwa tangu utotoni. Twaweza kujivunia.

Lakini tupige hesabu kidogo. Mama mwenye uzito wa kilo 55, sehemu yake moja kwa tano ni kilo 11. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina uzito wa kilo 20, bila kuhesabu ndoo yenyewe. Maana yake ni kwamba mama huyo anabeba karibu mara mbili ya kiasi kile ambacho ustadi wake waweza kukimeza. Kinachozidi hulipwa na shingo, mgongo na magoti. Huenda mara moja, hurudi, huenda tena, kisha hushika jembe, jioni hukata majani ya ng'ombe na kuyatwika. Usiku haumwi na mgongo kwa kuwa ni mvivu wa mazoezi. Anaumwa kwa sababu mzigo umezidi na hakuna aliyempokea. Mtu atakayemwendea mama huyu kumhubiria kwamba azidishe mazoezi atakuwa amemtukana.

Tazameni pia vijana wapagazi katika masoko, mathalan Kiwira na Tukuyu mjini, siku za viazi. Sheria ya vipimo ya nchi yetu inakataza lumbesa, yaani gunia lililofungwa na kuongezewa kilemba juu mpaka lipite kilo 100. Hata hivyo ufungaji huo umekuwa ugonjwa usiokwisha. Watu wengi huilaani lumbesa kwa sababu inamwibia mkulima, na ni kweli inamwibia. Wachache hukumbuka kwamba inamvunja pia yule anayeibeba. Shirika la Kazi la Kimataifa, katika mapendekezo yake ya mwaka 1967, lilisema kwamba mzigo wa kubebwa na mfanyakazi mmoja mwanamume usizidi kilo 55. Gunia halali la kilo 100 peke yake ni karibu maradufu ya kiasi hicho. La lumbesa tusiseme. Kijana wa miaka 20 hulibeba na kuchekelea, watu wakamsifu kuwa ni dume. Akifika miaka 40 hawezi kuinama kufunga kamba za viatu vyake, na wale waliomsifu hawapo. Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Walituonya sisi tunaotazama wakati wengine wakibeba.

Basi neno letu ni hili: anayeketi ainuke, na anayeelemewa apunguziwe. Mambo haya mawili hayatenganiki. Maji ya bomba yakifikishwa karibu, mgongo wa mama umepona. Toroli au mkokoteni ukipatikana sokoni, goti la mpagazi limeokoka. Na mume mwenye mabega mapana akiichukua ndoo ile jioni, amefanya mazoezi bora kuliko yale ya kulipia, na amemwondolea mkewe kilo 20 bila kutumia hata senti moja. Twajua kwamba wako watakaocheka mwanamume akibeba maji. Na wacheke! Aibu ya kweli ni kumwona mtu mwenye nguvu akitembea mikono mitupu nyuma ya mkewe aliyelemewa.

Wataka kujua kama mtu wa shamba naye ana haja ya mazoezi? Anayo, lakini ya namna nyingine. Kazi ya shamba hujenga nguvu, ila huzijenga upande mmoja. Mchuma chai huinama mbele saa nyingi, kikapu mgongoni, mikono ikikimbia juu ya majani. Mlimaji hupindisha mgongo upande ule ule tangu mwaka hadi mwaka. Viungo vinavyotumika huchoka, na visivyotumika hulala. Anachohitaji mtu wa namna hii ni kunyoosha mwili aliouinamisha, kuimarisha tumbo na makalio ambayo ndiyo nguzo za mgongo, na kujifunza kunyanyua vizuri. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nasi twaongeza kwamba kuinama kuna adabu yake: mzigo uwe karibu na mwili, miguu itanuke, magoti na nyonga zikunjwe, mgongo unyooke, nguvu itoke mapajani, na mtu asijipindue kiuno huku ameshika uzito. Dakika tano za kujinyoosha kabla ya kuingia shambani na dakika tano baada ya kutoka si kitu kikubwa cha kuomba.

Kuna kundi la tatu ambalo husahauliwa mara nyingi, nalo ni wazee wetu. Mtu akipita miaka 30 misuli yake huanza kupungua kidogo kidogo, na baada ya 60 hupungua kwa kasi zaidi. Sisi tumezoea kusema "ni uzee tu," tukamwekea mzee kiti barazani na kumkataza kufanya lolote, tukidhani ndiyo heshima. Kumbe tunamharakisha. Mwaka 1990 ilitangazwa habari ya wazee 10 wa Boston, Marekani, wenye umri kati ya miaka 86 na 96, dhaifu, waliokuwa wakitunzwa katika nyumba ya wazee. Walipewa mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu muda wa wiki 8. Waliomaliza, nguvu za mapaja yao zilizidi maradufu, na wawili wao wakaziacha fimbo walizokuwa wakitembelea. Ikiwa mtu wa miaka 90 aweza kupata nguvu mpya, ni nani kati yetu atakayesema kwamba amechelewa?

Jambo hili lina uzito katika nchi ya miteremko na mvua kama Rungwe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu 684,000 hufa ulimwenguni kwa sababu ya kuanguka, na wanaokufa kwa wingi zaidi ni wazee. Mzee akivunjika nyonga katika kijiji kilicho mbali na barabara, huo mara nyingi ndio mwisho wa kutembea kwake. Kipimo chepesi kipo, na kila nyumba yaweza kukitumia. Mzee na aketi juu ya kiti imara kilichoegemezwa ukutani, akunje mikono kifuani, kisha ainuke na kuketi mara nyingi awezavyo kwa nusu dakika. Mwanamume wa miaka 60 hadi 64 asiyefikisha mara 14, na mwanamke wa umri huo asiyefikisha mara 12, miguu yao imeanza kuwaacha. Dawa yake ni kipimo hicho hicho: kuinuka na kuketi kila siku, pole pole, mtu akiwa karibu naye, mpaka hesabu ipande.

Sasa tueleze mazoezi yenyewe, maana haifai kumwambia mtu atembee bila kumwonyesha njia. Mwili wa binadamu una kazi chache kubwa: kuchuchumaa na kuinuka, kuinama na kunyanyua, kusukuma, kuvuta, kubeba huku ukitembea, na kusimama imara. Anayezifanyia mazoezi kazi hizo amejitosheleza.

Kwa kuchuchumaa, mtu ashuke mpaka chini kadiri magoti yanavyomruhusu, ainuke, mara 10; akishazoea ashike kitu kizito kifuani, kama kidumu cha lita 5. Kwa kunyanyua, atumie ndoo yenye maji nusu, kwa adabu ile tuliyoieleza. Kwa kusukuma, apige pushapu. Asiyeweza chini aanze kwa kuusukuma ukuta, kisha meza, kisha ardhi. Kwa kuvuta, ajining'inize katika tawi imara au boriti, au avute kidumu kutoka chini hadi ubavuni. Kwa kubeba, ashike vidumu viwili vyenye uzito sawa, kimoja kila mkono, atembee hatua 40 akiwa amenyooka kama askari. Kwa kusimama imara, asimame kwa mguu mmoja akihesabu hadi 30, kisha mguu wa pili. Kila zoezi alifanye mara 8 hadi 12 au kwa kiasi kilichotajwa, apumzike, arudie mara mbili au tatu. Kazi yote haifiki nusu saa.

Shirika la Afya Duniani, katika maelekezo yake ya mwaka 2020, linasema kwamba mtu mzima afanye mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi katika wiki, na juu ya hayo apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani, kama kutembea kwa haraka. Mwenye miaka 65 na kuendelea aongeze mazoezi ya kusimama imara siku tatu kwa wiki. Kwa mkazi wa Tukuyu dakika 150 ni jambo jepesi. Kilima kipo mlangoni pake, hakitozi kiingilio. Karani akishuka katika bodaboda kabla hajafika na kupanda mwenyewe robo saa asubuhi, na robo saa jioni, kwa siku tano, amepata dakika zake zote.

Aanzaye na aanze kidogo. Haba na haba hujaza kibaba. Mwenye maumivu ya kifua, mwenye kizunguzungu, mjamzito, na aliyetoka kuugua, amwone mganga kwanza. Na kila aliyepita miaka 40 akapimwe shinikizo la damu, ikiwa ni Makandana au katika kituo cha afya kilicho karibu naye. Tena tusisahau chakula. Misuli haijengwi kwa ndizi peke yake. Rungwe ina maziwa, ina maharage, ina maparachichi, nayo husafirishwa kwenda miji mingine. Itakuwa ajabu ikiwa nyumba inayouza maziwa yote haimbakizii mtoto kikombe.

Watu wengine watasema kwamba haya ni mambo mapya, ya kigeni. Twawajibu kwamba si mapya kwetu. Nani aliyesoma shule za nchi hii asiyeukumbuka mchakamchaka wa alfajiri, nyimbo zikipaa na vumbi likitimka? Nani aliyepita katika Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, asiyejua thamani ya mwili uliokomaa? Oktoba 1967 Mwalimu Nyerere, akiwa na umri wa miaka 45, alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, safari ya zaidi ya kilomita 200, kuliunga mkono Azimio la Arusha. Hakutuma mtu amtembelee. Na watu wa Tukuyu wenyewe wana kumbukumbu yao isiyofutika: mwaka 1986 timu yao ya Tukuyu Stars, Banyambala, iliyokuwa ngeni kabisa katika ligi kuu ya nchi, ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara na kuwaacha wakubwa wa Dar es Salaam wakitazamana. Mji mdogo wa milimani uliishinda miji mikubwa.

Tena wala hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa maisha ya kila siku. Ndugu zetu Wahadzabe, wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi, wamechunguzwa sana na wataalamu katika miaka hii. Imeonekana kwamba nao hupumzika karibu saa 10 kila siku wakiwa macho, kiasi kinachofanana na cha watu wa mijini. Lakini mara nyingi wao hupumzika kwa kuchuchumaa au kupiga magoti, misuli ya miguu ikiendelea kufanya kazi, na wakiinuka hutembea sana. Mioyo yao imeonekana kuwa na afya njema. Kwa hiyo kupumzika si dhambi. Hasara imo katika kuzama ndani ya kochi mpaka miguu isahau kazi yake.

Tumeyasema haya yote si kwa ajili ya kujifurahisha. Twaomba yatendeke. Kila tawi la Chama katika Rungwe na Busokelo na liifufue Jumamosi ya pili ya mwezi, bila kumngoja mgeni rasmi, na viongozi wawe wa kwanza kufika kwa miguu. Wakubwa wa viwanda, vya chai na vinginevyo, wawape wafanyakazi dakika 10 za kujinyoosha kabla ya kazi. Hawatapoteza kitu, maana mfanyakazi mzima ni bora kuliko mgonjwa aliye nyumbani. Vyama vya wafanyakazi vidai toroli na mikokoteni kama vinavyodai mishahara. Wasimamizi wa vipimo waipige vita lumbesa kila siku ya soko, wala wasingoje msimu wa malalamiko. Walimu wasiuache mchakamchaka ufe. Halmashauri zihesabu kila bomba la maji linalosogezwa karibu na nyumba kuwa ni dawa ya mgongo. Na kila nyumba yenye mzee, jioni ya leo, imwekee kiti na kumhesabia.

Nchi hujengwa kwa mikono. Lakini mikono hiyo ina mwenyewe, naye ataihitaji bado siku atakapokuwa mzee, ili aweze kumnyanyua mjukuu wake, kwenda kanisani au msikitini kwa miguu yake, na kuingia shambani mwake bila kushikwa mkono. Haki hiyo ni ya mama wa Mwakaleli kama ilivyo ya karani wa mjini. Sisi tumeanza kwa kupanda ngazi za ofisi yetu, na tunaona jinsi pumzi zinavyotuumbua. Tutaendelea. Ndugu zetu wa Rungwe waliozaliwa vilimani wasikubali kushindwa na sisi.